Dirisha fiche linamficha nani?

Serikali ya Uganda ilipoamuru Facebook ifungwe tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, bila kukusudia iliwapa watumiaji wa intaneti nchini kipimo cha jambo ambalo kwingine watu hulijadili kwa kubahatisha. Miaka iliyofuata, aliyefungua facebook.com kwenye simu yake bila VPN, yaani programu inayoificha safari yako ya mtandaoni kwa kampuni ya simu, alikwama. Akifungua dirisha fiche la Chrome, lile jeusi lenye kofia na miwani, akaandika anwani ileile, alikwama vilevile. Kampuni iliyomuuzia bando ilikuwa imeona anakotaka kwenda, ikamzuia. Weusi wa dirisha haukuifumba macho hata kidogo.

Ukilishika hilo, nusu ya mkanganyiko kuhusu kuvinjari kwa faragha inakwisha. Dirisha fiche, ambalo Google huliita Incognito, Microsoft huliita InPrivate, na Safari na Firefox hulitaja tu kama dirisha la faragha, hufanya kazi yake ndani ya kifaa chako. Njiani halina usemi, na kule unakokwenda usemi wake ni mdogo. Nusu ya pili ya mkanganyiko ndiyo yenye kazi, kwa sababu hata ndani ya kifaa kuna yanayobaki, na hata njiani kuna mambo ambayo hayaonekani, ila hayaonekani kwa sababu nyingine kabisa ambayo haihusiani na dirisha hilo.

Kinachofutwa na kisichofutwa

Kivinjari cha kawaida kina kumbukumbu nyingi. Kinahifadhi historia, yaani orodha ya kurasa ulizotembelea. Kinahifadhi vidakuzi, vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye simu yako ili ikutambue ukirudi. Ndivyo vinavyokuwezesha kufungua barua pepe bila kuandika nenosiri kila asubuhi. Kinahifadhi picha na vipande vya kurasa ili visipakuliwe upya na kukumalizia bando. Tena kinakumbuka uliyoyaandika kwenye fomu: jina, namba ya simu, pengine hata namba ya kitambulisho cha taifa.

Ukifungua dirisha fiche, kivinjari huweka kumbukumbu hizo kando na kuanza na ghala tupu. Tovuti haioni vidakuzi vyako vya zamani, kwa hiyo inakupokea kama mgeni na kukuomba uingie upya. Unapoendelea kutembea, vidakuzi vipya vinawekwa, maana bila hivyo tovuti nyingi zisingefanya kazi, lakini vinakaa kwa muda tu. Ukifunga dirisha fiche la mwisho vyote vinatupwa, na historia haikuandikwa tangu mwanzo.

Nimesema dirisha la mwisho, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Madirisha na vichupo fiche vyote vilivyo wazi kwenye Chrome vinatumia ghala moja la vidakuzi. Ukifunga kichupo cha barua pepe ukaacha kingine fiche wazi, akaunti yako bado iko ndani, na yeyote atakayefungua kichupo kipya fiche na kuandika anwani ya barua pepe ataikuta inamsubiri. Kwenye simu hili hutokea zaidi, kwa sababu kurudi kwenye skrini ya mwanzo hakufungi kitu. Android huweka taarifa juu ya skrini ya kukukumbusha ufunge vichupo hivyo, lakini taarifa hiyo inakaa kwenye msururu mmoja na jumbe za ofa za bando na matangazo ya kamari, kwa hiyo haisomwi.

Faili ulizopakua zinabaki. Ukipakua cheti, picha au PDF ya matokeo ya uchunguzi wa hospitali kwa dirisha fiche, faili litalala kwenye folda ya vipakuliwa mpaka ulifute kwa mkono wako. Vialamisho ulivyoviweka vinabaki pia. Kiungo ulichobofya ndani ya WhatsApp kwa kawaida hakifunguki kwenye dirisha fiche hata kidogo, kinafunguka kwenye kivinjari chako cha kawaida, na historia inakiandika. Ukigusa video ya YouTube na simu ikaamua kuifungua kwenye programu ya YouTube, umeshatoka kwenye dirisha fiche bila kuvuka mlango wowote, na akaunti yako iko palepale kuikumbuka video hiyo. Kibodi nayo ina tabia zake: kibodi ya Google huacha kujifunza maneno mapya ukiwa kwenye Incognito, lakini kibodi nyingine si lazima zifuate adabu hiyo, na siku moja itapendekeza jina la ugonjwa mbele ya mtu usiyemtarajia.

Chini zaidi kuna mabaki ambayo mtu wa kawaida hayaoni ila fundi mwenye nia anayaona. Mfumo wa kompyuta huweka kwa muda orodha ya majina ya tovuti ulizoomba anwani zake, na orodha hiyo ni mali ya mfumo, si ya kivinjari. Kompyuta ikizidiwa na kazi huhamisha sehemu ya kumbukumbu yake kwenye diski, na ndani ya sehemu hiyo panaweza kuwamo vipande vya kurasa ulizosoma. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walivichunguza vivinjari vikubwa vya wakati huo, wakaonyesha kwamba dirisha la faragha lilikuwa likiacha nyayo, na kwamba viongezeo, zile programu ndogo ambazo watumiaji huzisakinisha ndani ya kivinjari, vingeweza kuharibu kazi yote. Mengi yamerekebishwa tangu hapo. Chrome, kwa mfano, haiviruhusu viongezeo kwenye dirisha fiche mpaka wewe mwenyewe uviruhusu. Hata hivyo, kivinjari hakina mamlaka juu ya kompyuta nzima, na kompyuta ikiwa imewekewa programu ya upelelezi inayorekodi kila herufi unayobonyeza, programu hiyo haijali dirisha ni jeusi au jeupe.

Lilipotoka jambo hili

Kutazama tarehe kunasaidia kuelewa kwa nini chombo hiki kina mipaka hiyo. Apple ilikiweka kwenye Safari mwaka 2005. Chrome ilikuja nacho mwaka 2008, na mwaka 2009 Microsoft na Mozilla wakafuata. Enzi hiyo familia ilikuwa na kompyuta moja mezani, na aliyeogopwa alikuwa mtu wa nyumbani. Mfano uliopendwa katika kukieleza ulikuwa wa mtu anayemtafutia mwenzake zawadi kwa siri. Sina shaka zawadi zilinunuliwa. Sina shaka pia kwamba si zawadi zilizokifanya kipendwe.

Kwa hiyo tangu mwanzo kilitengenezwa kumkabili mtu anayeshika kifaa baada yako. Tatizo ni kwamba jina lake liliahidi makubwa zaidi, na watu waliamini jina. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na Chuo Kikuu cha Leibniz cha Hannover waliwaonyesha watu 460 maelezo ambayo vivinjari huyatoa kuhusu hali hii, kisha wakawauliza maswali. Zaidi ya nusu, asilimia 56.3, waliamini kwamba hata mtu akiwa ameingia kwenye akaunti yake ya Google, utafutaji wake hautahifadhiwa mradi yuko kwenye dirisha la faragha. Zaidi ya robo walidhani linawakinga zaidi dhidi ya virusi. Na hao walikuwa wametoka kusoma maelezo muda huohuo!

Hilo la akaunti lielezwe bila kuzunguka. Ukiingia Gmail, Facebook au tovuti yoyote kwa jina na nenosiri lako, umejitambulisha. Kinachohifadhiwa baada ya hapo kinahifadhiwa kwenye seva zao, chini ya jina lako, na kufunga dirisha hakufuti chochote kule.

Bodaboda anajua alikushusha wapi

Tuchukue laini yako ya MTN au Airtel. Imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Kila unapofungua ukurasa, ombi lako linapita kwenye mitambo ya kampuni hiyo kabla ya kutoka kwenda duniani. Inaona nini hasa?

Miaka ya nyuma ingeona karibu kila kitu. Leo tovuti nyingi hutumia HTTPS, ile alama ya kufuli, na mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yanasafiri yakiwa yamefungwa kwa fumbo. Kampuni ya simu haiwezi kusoma ukurasa wenyewe, wala maneno uliyoyatafuta, wala nenosiri. Lakini mara nyingi inaona jina la tovuti, saa uliyoingia, ulikaa muda gani na kiasi cha data kilichopita. Ni sawa na bodaboda aliyekushusha Mapeera House: anajua jengo, anajua saa, hajui ulipanda ghorofa ya ngapi wala uliongea nini huko juu.

Kwa mambo mengi jengo pekee halisemi kitu. Ukifungua tovuti ya habari, hakuna anayejua ulisoma michezo au siasa. Lakini zipo tovuti ambazo jina lake ni maelezo tosha: ya kliniki fulani, ya chama fulani, ya kanisa ulilohamia bila kuwaambia wa nyumbani, ya ajira katika kampuni shindani. Hapo jina la jengo ndiyo habari yenyewe.

Tafadhali ona kwamba kufuli hilo lipo kwenye dirisha la kawaida na kwenye dirisha fiche, kwa kiwango kilekile. Anayesema Incognito ilimficha kwa kampuni ya simu anaishukuru Incognito kwa kazi ya HTTPS.

Upande wa sheria haufai kupuuzwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 ya kudhibiti uingiliaji wa mawasiliano inazitaka kampuni za mawasiliano ziwe na uwezo wa kiufundi wa kuruhusu mawasiliano kufuatiliwa, kwa hati ya jaji, na ndiyo sheria iliyoleta usajili wa laini za simu. Mtu anaweza kuiunga mkono au kuipinga sheria hiyo. Kwa mada yetu inatosha kujua kwamba rekodi zinazohusika ziko kwa kampuni, mahali ambapo kivinjari chako hakifiki.

Wi-Fi nayo ina mwenyewe. Mwanafunzi wa Makerere anayetumia eduroam, mtandao wa vyuo unaoendeshwa hapa Uganda na shirika la RENU, huingia kwa akaunti aliyopewa na chuo, kwa hiyo mtandao unajua ni akaunti gani iliyounganishwa. Ofisini hali ni kali zaidi. Ikiwa kompyuta ni ya mwajiri, idara ya teknolojia inaweza kuwa imeweka cheti chake cha kidijitali ndani ya kompyuta kinachoiwezesha kulifungua fumbo la HTTPS, kusoma, na kulifunga tena, bila wewe kuona tofauti yoyote kwenye skrini. Inaweza pia kulizima dirisha fiche kabisa. Ukiona chaguo hilo halipo kwenye kompyuta ya kazi, usidhani kivinjari kimeharibika.

Kule unakokwenda

Tovuti unayoitembelea inaona anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, na kwa anwani hiyo inajua angalau uko nchi gani na unatumia kampuni gani ya mtandao. Dirisha fiche halibadilishi anwani hiyo. Ndiyo maana matangazo ya Kampala yanakufuata hata ukiwa fiche.

Ila tovuti si moja. Ukifungua ukurasa wa gazeti, ukurasa huo unaita seva nyingine nyingi nyuma ya pazia: za takwimu, za matangazo, za vitufe vya mitandao ya kijamii. Google ina vipande vyake kwenye tovuti nyingi mno, na vipande hivyo vinaripoti kwake. Swali lililofika mahakamani Marekani lilikuwa hili: je, viliripoti hata mtu alipokuwa kwenye Incognito?

Kesi ilifunguliwa California mwezi Juni 2020. Walalamikaji walidai kwamba Google iliendelea kukusanya taarifa za watu waliodhani wamejificha, wakataja fidia isiyopungua dola bilioni 5. Wakati wa kesi nyaraka za ndani ya kampuni zilijitokeza, na mojawapo ilikuwa barua pepe ya mkuu wa masoko, Lorraine Twohill, akimweleza bosi wake Sundar Pichai kwamba wanabanwa katika kuitangaza Incognito kwa sababu si ya faragha kweli. Mtu wa masoko akikiri hivyo, sisi wengine tuna la kuongeza?

Pande mbili zilielewana Desemba 2023, na masharti yakawekwa wazi Aprili 2024. Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi, au kuzinyofoa vitambulisho vinavyomwelekea mtu, na kuendelea kwa miaka 5 kuzuia kwenye Incognito vidakuzi vya wahusika wengine, yaani vinavyowekwa na seva zile za nyuma ya pazia badala ya tovuti uliyoifungua. Walalamikaji hawakupata fidia ya pesa katika makubaliano hayo, ingawa mtu mmojammoja alibaki na haki ya kudai. Maandishi ya kwenye dirisha jeusi nayo yalibadilishwa, na sasa yanasema wazi kwamba hali hii haibadilishi jinsi tovuti na huduma zinazotumiwa na tovuti hizo, ikiwemo Google, zinavyokusanya data. Kayasome ukipata nafasi. Ni aya fupi na, kwa mara ya kwanza, ni ya kweli.

Je, kuzuia vidakuzi vya wahusika wengine hakutoshi? Kunasaidia, na hapa niwe mwadilifu: vivinjari havifanani. Firefox imekuwa ikizuia vifuatiliaji kwenye dirisha lake la faragha tangu mwaka 2015. Safari, tangu toleo la 17 la mwaka 2023, huondoa kwenye viungo zile herufi ndefu zinazotumika kumfuatilia mtu, na huweza kuyafunga madirisha ya faragha kwa uso au kidole chako. Hayo yanapita kazi ya asili ya kuficha historia.

Lakini kuna njia ya kumtambua mtu isiyohitaji kidakuzi. Kivinjari chako huieleza tovuti mambo mengi madogo: ukubwa wa skrini, toleo la mfumo, lugha, saa za eneo, fonti zilizopo, jinsi kifaa kinavyochora picha. Kila moja peke yake si siri. Zikijumlishwa huwa alama inayokaribia kuwa yako peke yako. Shirika la Marekani la kutetea haki za mtandaoni, Electronic Frontier Foundation, lilipima jambo hili mwaka 2010 kwa vivinjari 470,161, likakuta asilimia 83.6 ya hivyo vina alama isiyofanana na ya kingine chochote. Vipimo hivyo ni vya zamani na vilitawaliwa na kompyuta za mezani. Simu ya Tecno iliyouzwa kwa wingi, ikiwa na mipangilio ileile ya kiwandani, haijitofautishi kirahisi hivyo. Ila wazo ni lilelile: alama hii haikai ndani ya ghala la vidakuzi, basi kulitupa ghala hakuiondoi.

VPN si dirisha fiche lililoongezwa nguvu

Waganda walijifunza VPN mapema kuliko majirani wengi. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mtu anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na nyinginezo, na ndani ya muda mfupi hata mama muuza nyanya alikuwa anajua programu ipi ya VPN ni ya bure. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 kwenye data yenyewe, ambayo hakuna VPN inayoikwepa. Kufungwa kwa Facebook kukazifanya programu hizo ziendelee kubaki kwenye simu.

VPN na dirisha fiche ni vitu viwili tofauti kabisa. Kimoja kinaficha safari yako kwa kampuni ya simu, kingine kinaificha kwa anayeshika simu baada yako. Ukitumia VPN kwenye dirisha la kawaida, Facebook itafunguka na historia yote itaandikwa simuni. Ukitumia dirisha fiche bila VPN, historia haitaandikwa, lakini mara nyingi kampuni ya simu itaona jina la tovuti. Unaweza kuvitumia vyote pamoja.

Swali ambalo halikuulizwa sana mwaka 2018 ni nani anayemiliki VPN. Maana safari yako haikupotea. Imehamishwa kutoka macho ya kampuni ya simu yenye leseni, ofisi na bango barabarani, kwenda macho ya kampuni ambayo pengine huijui hata iko nchi gani. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, walichambua programu 283 za VPN za Android. Asilimia 18 hazikufunga mawasiliano kwa fumbo hata kidogo, asilimia 75 zilitumia vifuatiliaji vya makampuni mengine, na asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi. Siwezi kusema takwimu hizo ndizo za leo. Nasema tu kwamba mtu anayebeba data ya wengi bila malipo ana gharama za kulipa, na analipwa na mtu fulani.

Anayehitaji kujificha kwa dhati, mwanahabari anayewasiliana na chanzo chake kwa mfano, chombo chake ni Tor. Hicho hupitisha ombi lako kwenye vituo vitatu vya watu tofauti, kila kimoja kikijua kipande tu cha safari, na kivinjari chake kinajitahidi kuwafanya watumiaji wote wafanane ili ile alama niliyoitaja isimtofautishe mtu. Ni cha polepole, tovuti nyingi hukikataa, na kampuni ya simu kwa kawaida inaona kwamba unatumia Tor hata kama haioni unakwenda wapi. Kwa mambo ya kila siku wengi watakichoka kabla ya chakula cha mchana.

Sheria inafanya kazi ambayo kivinjari hakiwezi

Mengi niliyoyataja hayatatuliwi kwa kubofya. Kama data imeshakaa kwenye seva, anayeweza kuuliza maswali ni sheria. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Mwezi Julai 2025 ofisi hiyo, baada ya malalamiko ya Waganda wanne, iliamua kwamba Google ilikiuka sheria kwa kutojisajili na kwa kuhamisha data za Waganda nje ya nchi bila kufuata masharti, ikaipa siku 30 ijisajili. Uamuzi mmoja hauondoi ufuatiliaji wa matangazo. Lakini unagusa sehemu ambayo dirisha fiche haligusi kamwe, na kwa maoni yangu raia anayejua njia ya kupeleka malalamiko kwenye ofisi hiyo ana kinga kubwa kuliko mwenye vichupo fiche 40.

Mahali linapofaa

Baada ya kulisema vibaya hivi, dirisha fiche ninalitumia, na kuna mahali ambapo nadhani kutolitumia ni uzembe.

La kwanza ni kafe ya intaneti. Pale Wandegeya, Kampala, vijana wanajaza maombi ya vyuo na kazi kwenye kompyuta zinazokaliwa na mtu baada ya mtu tangu asubuhi. Mtu anaingia barua pepe, anaingia tovuti ya URA, mamlaka ya mapato, kutafuta TIN, namba ya mlipakodi, anachapisha karatasi zake, anakimbilia taxi. Ukifanya yote hayo kwenye dirisha fiche na kulifunga unapoondoka, anayekaa baada yako hakuti akaunti yako. Kabla ya kuinuka, fungua folda ya vipakuliwa na ufute nakala ya kitambulisho chako na cheti cha sekondari cha UCE ulivyovipakua. Pia usisahau faili ulilompa mhudumu kwa flashi au kwa WhatsApp ili akuchapishie, kwa sababu hilo limekaa kwenye kompyuta yake, na hapo huna kitufe. Muombe alifute ukiwa umesimama pale. Hayo hayakulindi dhidi ya mwenye kafe aliyeweka programu ya kurekodi herufi, kwa hiyo mambo ya benki yafanye kwenye simu yako mwenyewe.

La pili ni la ufundi kidogo: kuingia akaunti mbili za tovuti moja kwa wakati mmoja, au kuona tovuti yako ya biashara inavyoonekana kwa mtu asiyekujua. Kwa hilo hakuna chombo rahisi zaidi.

La tatu ndilo zito. Kuna nyumba nyingi zenye simu moja yenye intaneti, na kuna nyumba ambamo simu ya mke hukaguliwa kila jioni. Binti anayetaka kusoma kuhusu dawa za VVU, mke anayetafuta mahali pa kukimbilia kipigo, mtoto anayetafuta namba ya Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto, wote hawaogopi Google wala kampuni ya simu. Wanaogopa mkono utakaoshika simu saa mbili usiku. Kwao dirisha fiche linafanya hasa kazi liliyotengenezewa. Kwenye Android mpya unaweza kuliwekea kufuli la alama ya kidole, na kwa kawaida Chrome haikubali lipigwe picha ya skrini.

Ila historia tupu nayo huzua maswali kwa mtu mwenye wivu. Ni heri dirisha la kawaida liendelee na maisha yake, habari za mpira, bei za mahindi, mapishi, na lile fiche litumike kwa jambo moja tu kisha lifungwe. Namba ya simu iliyopigwa inabaki kwenye orodha ya simu zilizopigwa, ambayo kivinjari hakiigusi. Na kama kuna dalili kwamba simu imewekewa programu ya kuipeleleza, labda ilikaa kwa fundi au kwa mume siku nzima na sasa betri inaisha haraka bila sababu, utafutaji huo ufanywe kwenye simu ya rafiki au ya jirani anayeaminika, kwenye dirisha fiche, na lifungwe kabla simu haijarudishwa.